Kipimo cha Kipanga

Ndege ninayoijenga haikuwahi kuwepo, na kosa langu ni kwamba naijenga sawasawa. Ningeijenga ovyo ovyo kama wenzangu wa mji huu, bawa refu kidogo huku, gurudumu la kubahatisha kule, rangi yoyote iliyobaki koponi, ningepigiwa makofi na mfano wangu ungewekwa juu ya kabati la mkubwa fulani. Lakini mimi ni fundi cherehani. Mkono uliozoea kukata nguo za watu hauvumilii uongo wa nusu inchi. Ukimkosea mtu nusu inchi kwapani, hainui mkono, na atakutangaza mtaa mzima.

Inaitwa Kipanga wa Saba. Wale sita wa kwanza hakuna aliyewahi kuuliza walikwenda wapi. Ilionekana katika filamu moja tu, ambayo mji mzima huitazama kila Ijumaa alasiri, kwa lazima na kwa mapenzi, maana kwetu vitu hivyo viwili vilishaoana zamani. Adui anakuja kutoka upande ambao hauonyeshwi. Watu wanatetemeka. Kisha Kipanga anatokea, amejaza ukuta mzima, na rubani mwenye koti la ngozi anatembea hadi kwenye gurudumu lake, analiwekea mkono, anatugeukia, anatabasamu, anapanda, anaruka. Harudi. Filamu inakwisha akiwa juu, na vitabu vya shule vinaendelea kutoka hapo: yuko mawinguni mpaka leo, halali, anatulinda. Ukitazama juu usimwone, ujue ndivyo anavyotakiwa kuwa.

Rubani huyo ni mume wangu, Khatibu. Koti lile nililishona mimi, vifungo sita, kola pana, mshono wa mgongoni niliufumua mara tatu kwa sababu bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Aliondoka asubuhi baada ya kunywa chai na maandazi mawili, akasema wamemwita kwenda kuigiza kwa siku moja, atarudi kabla ya magharibi. Sijui ni magharibi ngapi zimepita tangu hapo. Miaka ya mji wetu haina namba. Tuna Ijumaa tu, na kila Ijumaa ni ile ile, na mtu hujua kuwa amezeeka pale anapoinama kuokota sindano akachelewa kuinuka.

Watu husema sifanani na mkewe. Katika filamu kuna mwanamke anayemuaga rubani getini, shingo ndefu, chozi moja linamtoka jicho la kushoto na kusimama mahali pazuri shavuni. Huyo ndiye mke wa rubani, mji mzima unamjua. Ninaposema sokoni kuwa mimi ndiye mke wa Khatibu, muuza ndizi hunitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, kisha huniuliza kwa upole kama nimekula. Siku moja nilijitazama kwenye kioo cha kuwapimia wateja nikafikiri labda wanasema kweli. Labda yeye ndiye aliyeolewa, mimi ndiye niliyeigizwa. Nikajitafuta mimi, Mize, ndani ya kioo, nikamkuta mwanamke mwenye pini mdomoni anayesubiri mtu ageuke ampime mgongo.

Nilikuwa na haja moja tu, nayo si kubwa. Nilitaka kukaa eda. Nilitaka kujifungia chumbani miezi minne na siku kumi, nivue dhahabu yangu kidogo, niache wanja, nikae juu ya mkeka nimlilie mume wangu kama mama yangu alivyomlilia baba na kama bibi alivyomlilia babu, kisha nitoke, nioge, niwe mtu aliyefiwa na akamaliza. Hicho tu. Mwenye mume ana heshima yake na mjane ana heshima yake. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, na miguu ilishachoka.

Lakini kumlilia aliye hai ni uchuro, na katika mji wetu uchuro ni kosa lenye jela. Nikaenda Jumba la Kumbukumbu kuomba karatasi ya kifo. Mwangalizi wa Jumba, mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akaniambia kuwa Khatibu yuko angani, na aliye angani hajafa, na ndani ya Kipanga kila kitu ni kizima. Akasema kwa sauti ile ile ya kawaida kwamba kama nikiweza kumwonyesha mahali ndani ya ndege ile ambapo mtu anaweza kufia, hata pawe padogo vipi, ataandika karatasi siku hiyo hiyo. Nadhani alisema ili niondoke. Makarani wake walicheka kwa staha, nami nikashuka ngazi nikihesabu moyoni mbao, bati na waya nitakavyohitaji.

Sasa niulize: mtu hunakilije kitu kisichokuwepo? Nimelifikiria swali hili nikiwa nimeshika kisu, nimelifikiria nikiwa nimeshika msasa, na kila nilipofika karibu na jibu gundi ilikauka. Ukimnakili paka, paka yupo, akipita atakusahihisha. Ukiinakili nyumba, utakwenda kuipima ukuta. Lakini kitu kilichowahi kuonekana tu, ambacho hakuna aliyewahi kukigusa, kina ukweli gani wa kukosewa? Na mbona basi nikikosea mikono inajua? Nilishafika mahali pa kuamini kwamba kuwepo si jambo moja. Yako mambo yaliyopo yasiyoonekana, kama Khatibu. Yako yanayoonekana yasiyokuwepo, kama Kipanga. Na yuko mwanamke katikati yao, anayeonekana na aliyepo, ambaye hakuna anayemhesabu, anakata mbao ya msufi uani na kuikung'uta vumbi kwenye kanga yake.

Mbao nilipata. Msufi ni mti mwepesi, hauna kiburi, unakatika kwa kisu cha jikoni. Bati nililipata kwenye makopo ya mafuta ya kula. Nilichokosa ni ndege yenyewe, maana filamu haisimami upime. Inapita. Nikaenda kwa Ami Machano, anayeonyesha sinema tangu ilipoanza kuonyeshwa, na ambaye hana mtu mwingine wa kuzungumza naye isipokuwa projekta. Filamu ile imechakaa, hukatika, na kila inapokatika yeye hukata vipande vilivyoharibika kabla ya kuunganisha tena. Sheria inamtaka avichome. Hakuwahi kuvichoma. Alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaniambia anaona vibaya kuchoma watu hata kama ni wadogo.

Alinipa kopo zima. Vilikuwa vipande arobaini na vitatu, vingine vina picha mbili, vingine tano, kila picha ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilikaa navyo uani mchana, nikavipachika kwenye fremu ya tarizi, jua likapita ndani yake, nikavitazama kwa lenzi ya fundi saa.

Kipimo nilikuwa nacho, au ndivyo nilivyojidanganya. Mtu yeyote anayejenga mfano wa chombo kutoka kwenye picha hutafuta kwanza mtu aliyesimama kando yake, kwa sababu mtu ana urefu unaojulikana. Mimi nilimjua aliyesimama kando ya Kipanga kuliko nilivyojijua. Futi tano na inchi tano na nusu, bila viatu. Kwenye kipande cha tisa amesimama, mkono juu ya gurudumu, koti limefungwa vifungo vyote. Nikamfanya mume wangu kuwa rula. Kutoka kwake nikapata gurudumu, kutoka kwenye gurudumu nikapata tumbo, kutoka tumboni mabawa: hatua thelathini na moja kutoka ncha hadi ncha. Nikaigawa ndege nzima kwa ishirini ili ienee uani kwangu.

Ilikataa. Sijui niseme vipi. Kila kipimo kilikuwa sahihi na ndege ilikuwa uongo mtupu. Ribiti, zile kofia ndogo za chuma zinazoshika bati, zilitoka kubwa kama sahani. Mlango ulikuwa na unene wa godoro. Rangi katika picha ilikuwa na michirizi ya brashi, na kwa hesabu yangu kila unywele wa brashi hiyo ulikuwa mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Nikajilaumu. Nikasema macho yangu yamechoka, mkono umetetemeka, lenzi ina kasoro. Nikaivunja nikaanza upya. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu nilipofika kwenye ribiti nilikaa chini ya kamba ya nguo nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa sababu huzuni nilikuwa sina kibali chake.

Katika kujenga mara ya tatu nilifanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Kioo cha rubani kilihitaji kitu chembamba, kigumu, chenye kuonyesha ndani, na chupa za plastiki zilijikunja kwenye joto. Nilikuwa na picha ya eksirei ya kifua cha Khatibu, ya wakati alipougua mapafu, kitu pekee kilichobaki kinachoonyesha kilichokuwa ndani yake. Nikaitia kwenye beseni la maji na dawa ya kufulia. Mbavu zilitoka moja moja, kwanza zile za chini, kisha moyo, ambao kwenye eksirei ni kivuli tu. Maji yakawa ya kijivu. Mwisho nikabaki na karatasi safi isiyo na mtu, nikaikata nikaipinda kuwa dirisha. Nikaweka jicho langu hapo, nikachungulia ndani ya ndege, na hapakuwa na kitu.

Mize, uko ndani? Siko. Khatibu, uko ndani? Hayumo. Nani basi anaendesha? Swali hili ukiuliza sokoni watu hugeuza vichwa. Nani anaendesha. Nani. Mtu anaweza kulipuliza swali kama moto wa mkaa, asubuhi hadi adhuhuri, likawaka, na bado asipike kitu.

Kipande cha ishirini na saba ndicho kilichonimaliza. Ni kile ambacho mji mzima unakipenda. Kipanga anaruka tayari, karibu, bawa linakatiza ukuta wa sinema, na juu ya bawa anaonekana mtu mdogo mweusi akitembea, ameinama, akipita kutoka ribiti hadi ribiti. Sauti ya msimulizi inasema huyo ni Fundi Mwaminifu, aliyekataa kushuka, anayeikarabati ndege ikiwa hewani. Watu husimama wakapiga makofi. Ana sikukuu yake, siku hiyo mafundi wote hupewa soda. Nilikuwa nimempigia makofi Ijumaa zisizo na idadi, na viganja vyangu vilikuwa na sugu ya sindano kwa hiyo nilipiga kwa nguvu.

Sinemani hupita upesi. Uani kwangu alisimama. Nikamsogeza kwenye jua, nikashusha lenzi, nikataka kumpima urefu, maana fundi naye ni rula. Nikatafuta miguu yake ili nianzie chini. Nikahesabu mmoja, wa pili, wa tatu. Nikafuta lenzi kwa kanga. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Kichwani alikuwa na nyuzi mbili.

Alikuwa sisimizi.

Niliondoa mkono polepole, nikatazama ukutani kwangu ambako sisimizi wa kawaida walikuwa wanapanda kwenda kwenye kopo la sukari. Nikachukua bikari, nikampima mmoja, nikampima yule wa kwenye filamu, nikapiga hesabu juu ya mbao. Kipanga wa Saba, kutoka mdomo hadi mkia, ana urefu wa dhiraa moja. Kiwiko changu mpaka ncha ya kidole cha kati. Niliunyoosha mkono wangu juani nikautazama, nikaona kuwa ndege inayoulinda mji huu ingelala hapo juu yake na nafasi ikabaki.

Ribiti zote zikakaa sawa. Michirizi ya brashi ikawa michirizi ya brashi. Na nikajua kosa langu lilikuwa wapi: nilimwamini Khatibu. Yeye hakuwa kando ya gurudumu. Alikuwa mbali nyuma, uwanjani, peke yake, na kitu kidogo kimewekwa karibu na jicho la kamera, vikapangwa mpaka vikaonekana vimegusana. Kitu kidogo ukikiweka karibu na jicho huziba mlima. Alipoambiwa aweke mkono aliuweka hewani, na tabasamu lile alilolitoa, ambalo nimelitazama mpaka limechanika, alimpa mtu aliyekuwa anampigia kelele kutoka mbali asogeze kidole kushoto.

Nilimpelekea Ami Machano lenzi na kipande. Akakataa kutazama.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimelijua hilo tangu Ijumaa ya kwanza. Mji mzima umesimama unampigia makofi sisimizi. Ungefanya nini?"

"Ulifanya nini wewe, ami?"

"Nilipiga."

Kisha akaniomba nisimrudishie kopo, kwa sababu aliona ni salama zaidi mikononi mwa mtu ambaye hakuna anayemwamini. Akaniuliza pia, akiwa amenipa mgongo, kama nimefikiria maana ya hesabu yangu. Nilikuwa nimeifikiria. Kama ndege ina urefu wa dhiraa moja, Khatibu hakupanda. Kama hakupanda, hakuruka. Kama hayuko angani basi yuko chini, na mtu aliye chini siku zote hizi bila kurudi kwa mkewe, kwa mtu aliyemwacha birika likiwa bado la moto, mtu huyo hayuko juu ya ardhi.

Hapo nitasema jambo la aibu, na atakayenicheka anicheke. Nilianza kuomba awe hakufa siku ile. Niliomba awe aliwekwa mahali, gizani hata, kwa njaa hata, mwezi, mwaka, Ijumaa mia, na awe amekufa juzi. Kila mwanamke aliyelelewa na mama yake anajua kuwa eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari. Habari ikichelewa miezi minne na siku kumi, eda imekwisha, huna cha kukaa. Kwa hiyo nilimwombea mume wangu mateso marefu ili siku zake zinifikie. Dua la kuku halimpati mwewe, wanasema, nami nilikuwa kuku mbaya kuliko wote.

Niliijenga mara ya nne, kwa ukubwa wake wenyewe. Sikuigawa kwa chochote. Hiki hakikuwa kielelezo cha Kipanga tena; kilikuwa kimetoka sawa naye, bati kwa bati, na kama wangewekwa pamoja juu ya meza hakuna ambaye angejua yupi alitangulia. Nilikata ribiti kutoka kwenye vichwa vya pini zangu za kushonea. Nilipaka rangi kwa brashi mbovu makusudi. Kiti cha rubani kilikuwa kidogo kuliko ukucha wangu wa mwisho, na nilikishonea mto. Nilipomaliza niliifunga kwenye kanga mpya, nikajifunga na mimi ya zamani, nikapanda ngazi za Jumba la Kumbukumbu saa nne ya asubuhi.

Makarani walinitambua na kuanza kutabasamu. Mwangalizi aliwatoa, akaacha mlango wazi. Hakuniuliza hali. Alifunua kanga mwenyewe, kwa ncha za vidole, pindo moja baada ya jingine, na ndege ilipotokea aliinama juu yake, na nyuma yetu mashine za taipu zikaendelea kulia ukumbini. Kisha akatoa bikari mfukoni mwa koti. Nilishangaa mtu mkubwa kama yule kutembea na bikari. Akapima mkia, akapima tumbo, akapitisha kidole chini ya bawa mahali ambapo hakuna mtazamaji anayeweza kupaona, na ambapo mimi nilipafikiria tu.

"Ribiti za bawa la kushoto ni ngapi?" akaniuliza.

"Mia mbili na sita, mheshimiwa."

"La kulia?"

"Mia mbili na tano. Nimehesabu mara kumi na moja. Moja haipo."

"Ilidondoka," akasema. "Niliitafuta sakafuni mpaka magoti yakaniuma. Wakawasha taa, wakaniita, sikuwahi kutia nyingine."

Ndipo nikaitazama mikono yake. Vidole vilikuwa na makovu madogo madogo ya kisu, na ngozi ya gumba ilikuwa imekauka na kung'aa pale gundi inapopenda kushika. Mikono yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa mbele ya fundi mwenzangu, na katika mji wote ule, kati ya watu wote walioisifu ndege yake, mimi ndiye wa kwanza aliyeisifu kazi yake, kwa kuhesabu ribiti zake. Nilimwona anaihitaji sifa ile. Macho yalikuwa yamemlowa, na nikamchukia kwa sababu hiyo kuliko kwa mengine.

Alirudi haraka kwenye cheo chake. Alinieleza, kama anayesoma, kwamba mfano umekubaliwa kuwa sahihi, na kwamba unathibitisha kuwa mtu hawezi kufia ndani ya Kipanga, kwa kuwa hawezi kuingia. Aliyekuwa hajaingia hakuruka. Asiyeruka alitoroka kazini, na mtoro haliliwi. Nichague: niwe mke wa shujaa aliye hai, au mke wa mtoro. Karatasi ya tatu Jumba halina.

Nikamwambia sitaki karatasi tena. Nilimwambia mimi nimempa hesabu kamili, kila ribiti, hata ile isiyokuwepo, na fundi akipewa hesabu kamili na fundi mwenzake hurudisha kamili. "Yuko wapi mume wangu?"

Alitazama mlango. Aliniambia kwa sauti ya chini sana, macho yakiwa juu ya ndege. Walipomaliza kupiga picha, Khatibu alitembea kutoka kule mbali uwanjani hadi kwenye kamera, akinywa maji, na hakuna aliyekumbuka kumzuia. Alitaka kuiona ndege aliyokuwa ameiwekea mkono. Wakubwa walikuwepo, wote, na nguo zao za cheo. Yeye mwenyewe Mwangalizi ndiye aliyekuwa ameishika Kipanga kwa kijiti, mkono umekufa ganzi.

"Akaiona," akasema. "Akanitazama mimi. Akacheka."

"Akacheka tu?"

"Alicheka mbele yao, mama."

Nikauliza walimuua lini. Alijibu kuwa ni siku ile ile, taa zilikuwa hazijapoa, nyuma ya ukuta wa uwanja, na kwamba kaburi hajui.

Siku ile ile. Wakati ule mimi nilikuwa nimefunika chakula chake kwa kawa. Eda yangu ilianza pale pale, chakula kikiwa bado cha moto, na mimi sikujua. Niliimaliza nikishona sare za shule, nikienda sokoni na wanja machoni, nikitingisha bangili, Ijumaa baada ya Ijumaa nikiwa nimekaa safu ya tatu nikimpigia makofi mdudu. Ilikwisha siku moja ya kawaida, labda Jumanne, labda nilikuwa nafua. Hakuna aliyeniambia nitoke kwa sababu hakuna aliyeniambia niingie. Nilikuwa mjane, kisha nikawa si mjane, na yote mawili yalinipita mgongoni nikiwa na pini mdomoni. Nilichokuja kukiomba kilikuwa hakipo tena popote, si Jumbani, si kwa Mungu, na sikuwa na chozi hata la kusimama shavuni.

Mwangalizi alisema pole. Alisema kweli, nadhani. Aliniuliza kama kuna jambo lolote dogo analoweza kunifanyia, lisilohitaji karatasi.

"Nionyeshe alivyocheka," nikamwambia.

Hakuelewa. Nikamrudia: wewe ni mtu wa mwisho aliyemsikia, umekaa nacho kicheko kile siku zote hizi, na wewe ni fundi, kitoe kama kilivyokuwa. Alijaribu. Aliketi wima, akafungua mdomo, akatoa sauti kavu mara mbili, kisha akakohoa. Nilimwambia hapana, sivyo. Akajaribu tena, kwa juu zaidi, jasho likamtoka kipajini, na niliona kuwa mtu huyu alikuwa hajacheka tangu siku ile na hajui tena panapoanzia.

"Si hivyo, mheshimiwa," nikasema. "Sikiliza."

Khatibu hakuanza kucheka kwa mdomo. Alianza kwa pua, pumzi mbili fupi, kama anayejaribu kuwa na adabu. Nikazitoa. Kisha bega lile la kushoto, lililo chini, lilikuwa linapanda kabla ya la kulia, nami najua kiasi gani kwa sababu nililishonea, nikalipandisha. Kisha kichwa kikaenda nyuma. Kisha kikaja chenyewe, kikubwa kuliko mwili wake, kinapanda, kinakatika, kinapanda tena kutoka mahali pengine, na nilipokisikia chumbani mle nilijua sijakikosea hata nusu inchi. Nilikuwa nikiitazama ndege juu ya meza, mto wake mdogo, mwili wake wa dhiraa moja. Mwangalizi alikuwa amejiziba masikio kwa mikono yake mikubwa.

Nilipovuta pumzi nilisikia kuwa ukumbini mashine za taipu zimenyamaza. Mwangalizi aliinuka, akaenda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo, akasimama hapo akinitazama na mgongo wake ukiwa umeuegemea. Khatibu alikuwa bado hajafika mwisho, kwa hiyo nikaendelea.